Je, Wajua? Bolingi bila ukumbi

Kianyaga ina mitelemko ya kutosha kubingirisha chochote, kuanzia parachichi lililoiva hadi tairi kuukuu la probox. Lakini mwenyeji anayetamani bolingi ya njia zinazong'aa hulazimika kupanda matatu, apite Kutus, Makutano na Thika, aende kuitafuta Nairobi, mahali kama Village Market pale Gigiri. Safari hiyo si lazima sana. Ukiufuatilia mchezo huu utagundua kwamba karibu kila kifaa chake cha ajabu kilizaliwa na upungufu fulani: wa nafasi, wa nguvu, wa vibarua, wa ruhusa au wa sakafu iliyonyooka. Na sisi wa Gichugu, kwa upungufu wa sakafu iliyonyooka, hatuna mpinzani.

ASILI NA MARUFUKU

Je, wajua kwamba seti moja ya kale inayohusishwa na bolingi ilizikwa na mtoto? Mwaka 1895, mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie alifukua kaburi la mtoto kule Naqada, Misri. Ndani yake alikuta vijiwe vilivyochongwa kwa umbo la chupa, mipira midogo ya mawe, na vipande vitatu vya marumaru. Alivipanga vile vipande vikawa lango dogo, akaamini kwamba mpira ulipitishwa hapo kabla ya kugonga vijiwe. Umri wake unapita miaka 5,000. Leo vitu hivyo vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Ashmolean, Oxford.

Je, wajua kwamba kuna wakati maskini aliruhusiwa kucheza Krismasi tu? Sheria ya Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, ya mwaka 1541, iliwazuia vibarua, mafundi, watumishi na wanagenzi kurusha tufe siku nyingine yoyote, na hata hiyo Krismasi wacheze nyumbani kwa mwajiri. Marufuku hiyo ilidumu vitabuni hadi 1845, yaani zaidi ya miaka 300.

Je, wajua kwamba pini ya kumi inasemekana ilizaliwa na ujanja? Wahamiaji wa Kijerumani walipeleka Marekani mchezo wa pini tisa. Kamari ikauvamia, na mwaka 1841 jimbo la Connecticut likaupiga marufuku. Simulizi maarufu inasema wachezaji waliisoma sheria vizuri, wakaona imetaja pini tisa, wakaongeza moja. Ukweli wa simulizi hiyo hubishaniwa, lakini pini kumi zilishinda. Septemba 1895 wenye vilabu walikutana New York, wakaunda chama cha taifa na kuweka vipimo vya pamoja vilivyo msingi wa mchezo hadi leo.

TUFE NA PINI

Je, wajua kwamba tufe zito kabisa la bolingi lina uzito sawa na tufe la wanariadha? Kiwango cha juu ni ratili 16, yaani kilo 7.26. Wanaume wanaorusha tufe kwenye Olimpiki hushika uzito huohuo. Tofauti ni kwamba la bolingi lina matundu ya vidole, nawe hutakiwi kulirusha hewani hata kidogo.

Je, wajua kwamba baadhi ya matufe ya bolingi huelea? Matufe yote hulingana kwa ukubwa, kipenyo cha sentimita 21.6 hivi, bila kujali uzito. Tufe la ukubwa huo husukuma kando lita 5.3 hivi za maji. Kwa hiyo la kilo 4 au 5 ukilitupa Mto Nyamindi litaelea na kuanza safari ya kwenda kwenye mpunga wa Mwea. La kilo 6 litazama palepale.

Je, wajua kwamba kabla ya plastiki matufe yalichongwa kutokana na mti? Mti wenyewe ni lignum vitae wa visiwa vya Karibea na Amerika ya Kati, mmoja wa miti mizito kuliko yote duniani. Gogo lake huzama majini. Tufe la mpira mgumu, Evertrue, lilitokea mwaka 1905. Siku hizi kuna matufe ya plastiki angavu kama kioo, na katikati yake mnunuzi hukuta waridi au fuvu la kichwa la kutengenezwa. Ukilibingirisha, fuvu nalo linapiga sarakasi hadi kwenye pini.

Je, wajua kwamba tufe la bingwa halina mlingano ndani? Chini ya gamba lake kuna kiini kizito, na viini vingine hutengenezwa makusudi viwe na umbo la ovyo, upande mmoja ukizidi mwingine. Kiini hicho hulifanya tufe liyumbe kwenye mhimili wake, kisha likate kona karibu na pini. Nayo sakafu hupakwa mafuta sehemu ya mbele na kuachwa kavu nyuma: tufe huteleza kwanza, halafu hushika. Mafuta hayo hayaonekani kwa macho, na mchezaji huyasoma kwa kuangalia tufe linavyokwenda.

Je, wajua kwamba kuangusha pini zote kumi hakuhitaji tufe kuzigusa zote? Katika pigo safi kabisa, ile straiki ya kitabuni, tufe hugusa pini nne tu. Sita zilizobaki huangushwa na pini nyingine. Kila pini ina urefu wa sentimita 38 na uzito wa kilo moja na nusu na ushee.

Je, wajua kwamba njia ya bolingi ni tambarare kuliko meza nyingi? Kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele ni mita 18.29. Upana hugawanywa katika mbao 39. Kanuni za Marekani haziruhusu bonde au mwinuko unaozidi takriban milimita moja kwenye upana huo. Ardhi iliyonyooka tunaiona tukishuka Mwea, na hata huko hawajafikia milimita.

Je, wajua kwamba tufe la bolingi limewahi kushindana na manyoya likatoka sare? Mwaka 2014, kipindi cha BBC cha mwanafizikia Brian Cox kiliingia katika chumba kikubwa cha NASA kule Ohio kinachoondolewa hewa. Tufe na manyoya viliachiliwa pamoja kutoka juu. Bila hewa ya kuyazuia manyoya, vyote vilifika chini kwa wakati mmoja, kama Galileo alivyofikiri karne nne zilizopita.

MIKONO NA MASHINE

Je, wajua kwamba pini zilikuwa zikipangwa na wavulana? Walikaa nyuma ya njia, mara nyingi hadi usiku wa manane, wakiruka pini zinazorushwa na matufe, kisha wakizisimamisha na kurudisha tufe kwa mkono. Mmarekani Gottfried Schmidt alibuni mashine ya kufanya kazi hiyo, na mwaka 1946 kampuni ya AMF ikaionyesha hadharani Buffalo, New York. Ilipoanza kuuzwa miaka ya 1950, kumbi zikazaana kote Marekani, na ajira ya wavulana wale ikaisha.

Je, wajua kwamba sasa pini zinafungwa kamba kichwani? Ni mtambo rahisi: kila pini ina kamba yake, zikianguka zinavutwa juu, zinanyooshwa na kushushwa tena. Hutumia umeme kidogo na vipuri vichache. Wakongwe walilalamika kwamba kamba hubadilisha namna pini zinavyoanguka. Mwaka 2023 chama cha bolingi cha Marekani kikakata shauri: mchezo wa pini za kamba ukatambuliwa kama aina yake peke yake, na alama zake zisichanganywe na za pini huru.

Je, wajua kwamba Kanada ina bolingi ya pini tano? Thomas Ryan wa Toronto alikuwa na wateja waliolalamika kwamba tufe ni zito mno. Mwaka 1909 akapunguza pini zikawa tano, akatengeneza tufe dogo la kujaa kiganjani lisilo na matundu, na kila pini akaipa thamani yake. Siku hizi ya kati ni alama 5, zinazoifuata 3, za pembeni 2. Ushindi kamili huko ni alama 450.

Je, wajua kwamba kuna aina ya bolingi ambayo alama kamili haijawahi kupatikana? Ilianzia Worcester, Massachusetts, mwaka 1880. Pini zake ni nyembamba kama mishumaa, ncha zake mbili zinafanana, na haziwezi kusimamishwa kichwa chini kwa sababu hazina chini. Pini zilizoanguka haziondolewi kati ya mrusho na mrusho. Unaweza kuzitumia kugongea nyingine. Alama kamili ni 300, lakini rekodi ni 245.

Je, wajua kwamba mchezo wa kubingirisha mpira upande juu ya kilima kidogo na kutumbukia tunduni una zaidi ya karne? Ni Skee-Ball, uliopewa hataza mwaka 1908 kwa jina la Joseph Fourestier Simpson wa New Jersey. Umekuwa ukionekana kwenye kumbi za michezo duniani kote, ule unaotema tiketi za kubadilishana na zawadi. Njia imefupishwa, pini zimeondolewa, na burudani ikabaki.

MEZANI

Je, wajua kwamba kuna bolingi inayotosha juu ya meza ya baa? Waingereza wanaicheza tangu karne ya 18: pini tisa fupi huwekwa kwenye kisanduku, na pembeni husimama mlingoti wenye mpira uliofungwa kwa mnyororo. Hubingirishi chochote. Unauzungusha mpira hewani uupite mlingoti na kurudi kwenye pini kutoka upande wa nyuma. 

Je, wajua kwamba kwenye mashine moja ya bolingi pini haziguswi kabisa? Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940, zilipata umaarufu meza ndefu ambazo mchezaji alisukuma kisahani cha chuma. Pini zilining'inia juu ya ubao. Kisahani kilipita chini yake juu ya swichi ndogo, na pini zikajikunja kwenda juu kana kwamba zimepigwa. Ubao ulinyunyiziwa unga wa nta ili kisahani kiteleze.

NYASINI NA BARABARANI

Je, wajua kwamba upande wa pili wa mlima wetu kuna uwanja wa kubingirishia matufe juu ya nyasi? Uko Mount Kenya Safari Club, Nanyuki, hoteli iliyoanzishwa mwaka 1959 na kundi la mwigizaji wa Hollywood William Holden. Tufe la nyasini halina matundu, wala si duara kamili. Limechongwa upande mmoja ukazidi kidogo, na kadiri linavyopunguza mwendo ndivyo linavyozidi kupinda. Hakuna pini, mshindi ni aliyelaza tufe lake karibu zaidi na mpira mdogo mweupe unaolengwa. Ni mchezo wa Michezo ya Jumuiya ya Madola, na Wakenya wamewahi kuushindania huko.

Je, wajua kwamba Waairishi hucheza bolingi barabarani? Katika kaunti za Cork na Armagh, tufe la chuma la gramu 800 hivi hurushwa kwenye barabara ya kijijini yenye kona na milima. Anayefika mwisho wa safari ya kilomita kadhaa kwa mirusho michache ndiye bingwa. Watazamaji hutembea kando, wengine mbele wakielekeza. Barabara ya Kianyaga kwenda Kutus ingewafaa kwa kona, lakini wangelazimika kuelewana kwanza na boda boda na malori ya majani chai.

Je, wajua kwamba jirani zetu wa Bahari ya Hindi wamewahi kuwa mabingwa wa dunia wa matufe ya chuma? Mchezo wa pétanque ulianza La Ciotat, kusini mwa Ufaransa, karibu mwaka 1907, kwa ajili ya mchezaji aliyekuwa na ugonjwa wa viungo na hakuweza tena kukimbia kabla ya kurusha. Mchezaji husimama miguu pamoja. Wafaransa waliupeleka Madagaska, na mwaka 1999 timu ya Madagaska ikatwaa ubingwa wa dunia. Kiwanja chake ni ardhi ya kokoto, ambayo ipo bure katika kila uwanja wa shule.

Je, wajua kwamba kuna mchezo wa jamii hii ambao mchezaji si lazima atumie mkono? Ni boccia, ulioingia kwenye Michezo ya Paralimpiki mwaka 1984. Mipira yake ni laini, na lengo ni kuisogeza karibu na mpira mweupe. Asiyeweza kurusha hutumia mfereji wa mteremko: msaidizi huuelekeza kwa maagizo ya mchezaji huku akiwa ameupa uwanja mgongo, naye mchezaji huuachilia mpira, hata kwa kijiti kilichofungwa kichwani.

KWENYE SKRINI

Je, wajua kwamba kampuni ya Nintendo iliwahi kurithi kumbi za bolingi zilizokufa? Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Japani ilikuwa na wazimu wa bolingi, kisha wazimu ukaisha na kumbi zikabaki tupu. Nintendo, iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, ikaziingia mwaka 1973 na kuzigeuza viwanja vya kulenga shabaha kwa bunduki za mwanga. Mwaka huohuo bei ya mafuta ikapanda duniani, wateja wakafuta oda, na mradi ukaiachia kampuni madeni.

Mwaka 2006 Nintendo iliirudia bolingi, safari hii bila ukumbi. Wii Sports ilimfanya mchezaji apunge kidude mkononi mbele ya televisheni, na tufe likaenda kwenye skrini. Nakala zaidi ya milioni 80 zilitoka. Wazee katika nyumba za kuwatunza huko Marekani na Uingereza walianzisha ligi zao, wengine wakicheza wakiwa wameketi kwenye viti vya magurudumu. Kwenye mazoezi ya mchezo huo kuna raundi yenye pini 91, na anayefaulu kulipitisha tufe juu ya ukingo wa njia hadi mwisho huzidondosha zote kwa mkupuo.

NA UANI KWAKO

Je, wajua kwamba Wafini waliuza dunia nzima vipande vya kuni vilivyoandikwa namba? Mchezo unaitwa Mölkky, ulitengenezwa Lahti mwaka 1996. Una pini 12 fupi za mbao zenye namba 1 hadi 12, na kigongo kimoja cha kurusha kutoka mita tatu na nusu. Ukiangusha pini moja unapata namba yake. Ukiangusha nyingi unapata idadi yake tu, kwa hiyo mwenye shabaha humshinda mwenye nguvu. Pini husimamishwa pale zilipoangukia, na uwanja huzidi kutawanyika. Lengo ni alama 50 kamili. Ukizidisha unarudishwa 25, ukikosa mara tatu mfululizo umetoka. Matawi ya mukima yanayokatwa kila msimu mipakani mwa mashamba yetu yanatosha kwa seti nzima. Unahitaji msumeno, msasa na kalamu ya wino.

Je, wajua kwamba sheria ya mazingira ilibadilisha mipira ya watoto wa Kenya? Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku. Mpira wa majuala uliofungwa kwa kamba, uliolea vizazi vya wachezaji, ukakosa malighafi. Siku hizi soksi kuukuu iliyojazwa vitambaa hufanya kazi hiyo, na ndiyo inayofaa zaidi kwa bolingi ya uani, kwa kuwa hairuki wala haivunji dirisha.

Je, wajua kwamba chupa ya maji ya nusu lita inaweza kurekebishwa iwe pini ngumu au rahisi? Ikiwa tupu, upepo unaiangusha. Ukitia mchanga kidogo chini, kitovu cha uzito kinashuka na chupa inasimama imara. Kadiri unavyoongeza ndivyo inavyohitaji pigo zito. Watoto wa chekechea wape kiganja kimoja cha mchanga, mjomba anayejidai mpe viganja vitatu. Kwa mezani, magunzi ya mahindi yaliyokatwa sawa chini ni pini, na karanga ya makadamia ambayo haijapasuliwa ni tufe. Anayemiliki bano, yaani gololi, ana tufe la ziada.

Je, wajua kwamba kumbi za zamani zilirudisha tufe kwa mteremko? Kijana wa pini alilinyanyua na kuliweka juu ya reli iliyoinama, likashuka lenyewe hadi kwa mchezaji. Baadaye zikaja mashine za chini ya sakafu. Kianyaga reli hiyo tayari ipo: panga chupa zako upande wa juu, simama upande wa chini, rusha ukielekea mlimani. Ukikosa, tufe litakurudia. Ukiangusha, litakurudia pamoja na chupa mbili tatu.

SWALI LA KUFUNGIA

Mchezo kamili una raundi kumi, na kila raundi una mirusho miwili, pamoja na ya ziada mwishoni ukiangusha zote. Straiki kumi na mbili mfululizo hukupa 300. Sasa, Wambui anaangusha pini tisa kwa mrusho wa kwanza katika kila raundi, na ile moja iliyobaki anaikosa kila mara. Kamau naye anaangusha tisa, lakini ile moja anaiangusha kila mara kwa mrusho wa pili, na mrusho wake wa ziada mwishoni pia unaangusha tisa. Nani ana ngapi?

Jibu: Wambui ana 90. Kamau ana 190, kwa sababu anayemaliza pini kwa mrusho wa pili huongezewa alama za mrusho unaofuata: 10 na 9 mara kumi. Kamau ameangusha pini 109, Wambui 90. Pini 19 zimeleta tofauti ya alama 100. Kwa hiyo mkicheza uani Jumapili, msibishane sana kuhusu nani ana mkono mzito. Hesabuni nani anarudi kuimaliza ile chupa moja iliyobaki.